Zipu Kwenye Ndoo ya Mjusi

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, maana nisipouanza mimi majirani watauanza, tena wao wanaongeza chumvi. Kazi yangu ni zipu. Natengeneza zipu za mabegi, za suruali, na za mahema yanayoletwa kutoka kambi za watalii upande wa Ikoma. Ukifika Mugumu ukauliza mtu wa zipu, utaonyeshwa mlango wangu. Mtu huyo huyo ndiye aliyeshona zipu kwenye kifuniko cha ndoo aliyofungiwa mjusi wa mke wake, akatumia zipu ambayo kichwa chake kimechoka, ile inayofunga mbele huku inafunguka nyuma. Ni ugonjwa ambao watu hunilipa niutibu. Nilijua kimechoka. Nikasema nitakibana kwa koleo kesho. Kesho ilipofika, ndani ya ndoo mlikuwa na kipande cha trei ya mayai, kisoda chenye maji, na nzi wawili wazima ambao nadhani walikuwa wanajiuliza mwenye nyumba kaenda wapi.

Na hakuna aliyeniomba zipu. Mke wangu alikuwa ameifunika ndoo vizuri tu, kwa kipande cha chandarua kilichokazwa na mpira wa ndani wa baiskeli. Lakini mimi nimefika kidato cha nne, na mtu aliyefika kidato cha nne halafu akakaa nyumbani hawezi kuona kitu kinafanya kazi akakiacha kilivyo. Nikawaza, kila nikitaka kumlisha nivue mpira, nikunje chandarua, nifunge tena? Nikamshonea kimlango. Siku ile nilikifungua na kukifunga mara nyingi kuliko njaa ya mjusi yeyote.

Nikisema mjusi usimfikirie yule mwenye kichwa chekundu anayepiga pushapu juu ya mawe. Huyu ni yule wa ukutani, mweupe hadi unaona chakula tumboni mwake, anayetembea kwenye boriti kichwa chini. Nyumba yetu ina wengi wa namna hiyo na hakuna hata mmoja aliyewahi kupewa ndoo. Huyu alikuwa na historia. Mke wangu anafanya usafi kwenye kambi moja karibu na lango la Ikoma, na mjusi huyo alikuwa akiishi ndani ya hema la wageni. Mgeni mmoja alipomwona akapiga kelele, msimamizi akaagiza auawe. Mke wangu akampiga kwa fagio. Mkia ukakatika, ukabaki sakafuni unacheza peke yake, na mwenye mkia akasimama pembeni anamwangalia aliyempiga. Aliniambia mkono ulikataa kupiga mara ya pili. Alimtia kwenye kopo la majani ya chai, akalitoboa matundu, akaja naye nyumbani siku zake za mapumziko.

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaona bora nibadilishe mazungumzo, nikaleta lile tunalolizungumza kila akirudi, na hapo ndipo nilipojitia kitanzi.

Tuna binti wa miaka saba. Anaishi Matongo kwa bibi yake, mama wa mke wangu, tangu mke wangu alipopata kazi ya kambi. Mwezi wa kwanza anaanza darasa la kwanza, na mimi nataka aanzie hapa, kwa baba yake, shule ambayo kengele yake naisikia nikiwa kwenye cherehani. Mama mkwe anasema mwanaume hawezi kulea binti wakati mama mtu yuko porini. Anasema mimi mwenyewe ni wa kulelewa. Mke wangu yuko katikati, siku nyingine anaegemea kwangu, siku nyingine kwa mama yake.

Utasema basi nenda ukamtembelee huko huko. Nakwenda. Lakini kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukwepana. Sikanyagi ndani kwake, sili mbele yake, na macho yetu hayakutani. Nikifika, yeye anaingia jikoni anavuta mlango, na maneno yetu yanapita ukutani. Binti yangu anatolewa nje na kigoda. Ananiamkia shikamoo kwa adabu ile ile anayomwamkia bwana mifugo. Tunakaa karibu na zizi. Namuuliza amekula nini, ananiambia ugali. Namuuliza na nini, ananiambia maziwa. Halafu tunawatazama ng'ombe, mimi nikiwa na maneno mengi na yeye akiwa na haraka ya kurudi kwa wenzake. Jikoni mtu anakohoa, na kikohozi kile maana yake ni kwamba jua linazama na gari za Mugumu hazimsubiri mtu.

Ndiyo maana jioni ile nilisema tena, mtoto aje. Mke wangu alikuwa ameshika kopo la majani ya chai. Akaliweka mezani, akasema:

"Tuanze na huyu. Nikirudi nikamkuta mzima, tutaongea habari ya mtoto."

Nilidhani ni utani. Asubuhi alimhamishia mjusi kwenye ndoo, na alipopanda pikipiki kurudi kazini aligeuka nyuma, nikapunga mkono, kumbe macho yake yalikuwa kwenye ndoo. Nikajua si utani.

Basi mjusi alipotoka, aliyetoka si mjusi.

Mimi ni mtu wa kukaa. Majirani wanasema kiti changu kimeota mizizi, na sijawahi kubishana nao kwa sababu kubishana kunahitaji kusimama. Lakini siku zile matako yangu hayakutambua kiti. Nikikaa kwenye cherehani nashona mishono mitatu, nasikia kitu kinakwaruza kwenye bati, nasimama. Nikisimama nasahau nimesimamia nini. Nikinywa chai naangalia ndani ya kikombe kwanza. Nilivuta kabati, nikahamisha magunia ya mahema, nikakung'uta viatu vyote, hata vile vya mvua ambavyo sijavivaa tangu niache kutoka nje kwenye mvua. Nilifunga dirisha na mlango, nikaziba chini ya mlango kwa blanketi kuukuu. Chini ya bati mchana, nyumba iliyofungwa hivyo inaiva. Wateja wakija nawahudumia kupitia nondo za dirisha: lete begi, chukua begi, kwaheri.

Shida haikuwa mlango, ilikuwa ukuta. Nyumba tunayopanga ni ya safu, vyumba vimepakana chini ya paa moja, na ukuta wa katikati haufiki juu. Sisi hatuna dari. Mjusi akipanda boriti anaweza kwenda kwa jirani bila hodi, na jirani yangu si mtu wa kutembelewa na mijusi.

Jirani huyo ni mama wa makamo, mtoto wa watu waliotoka pwani zamani, anauza vitenge na viungo vya pilau sokoni, na ameishi Mugumu kuanzia kabla sijazaliwa. Kila siku namwamkia shikamoo naye hunijibu marahaba na jambo la kunisema. Yeye humwita mjusi wa ukutani kafiri. Anasema katika dini yake kumuua kuna thawabu, na anayeua kwa pigo la kwanza hupata nyingi zaidi, kwa hiyo kandambili yake haiko mbali na mkono. Jioni taa zikiwashwa, mijusi wanatoka kutafuta nondo wa kula, na mimi husikia ng'ambo ya ukuta: pwa. Kisha kimya. Kisha anashukuru Mungu. Miaka yote ile sauti ilikuwa ikinichekesha. Siku zile ilikuwa ikinisimamisha.

Ningeweza kumwambia. Ningesimama dirishani niseme, mama, kuna mjusi asiye na mkia, huyo naomba usimpige, ni wa mke wangu. Nilikaribia kusema. Halafu nikafikiria soko. Habari ikiingia kwenye meza yake ya vitenge asubuhi, mchana iko stendi, na stendi kuna gari za Nyamongo, njia ya Matongo. Ingefika Matongo kabla kiatu changu hakijapata vumbi. Nilimwona mama mkwe nyuma ya mlango wa jiko akiambiwa kwamba yule anayetaka kulea binti amepotelewa na mjusi ndani ya chumba kimoja na nusu. Nikanyamaza.

Nilijipa moyo kwamba kumtambua ni rahisi. Wenzake wana mikia, yeye hana. Jioni nikawasha taa, nikakaa chini yake nikiwa na kitambaa cha chandarua mkononi. Wakatoka. Mmoja alikuwa nyuma ya kalenda, nusu yake ndani, mkia hauonekani. Nikasema ndiye. Nikabana kalenda kwa kiganja, nikaingiza vidole taratibu, nikashika kitu laini. Kikanibakia mkononi, kinapinda, kinajinyoosha, kinapinda tena. Mkia. Mwenyewe alikuwa ameshafika kwenye boriti, na sasa alikuwa hana mkia.

Hapo mtu mwenye akili angeacha. Mimi kesho yake nilimfuata mwingine kwenye pazia, yule alikuwa na mkia wazi kabisa, lakini nilitaka kumtoa njiani nione nyuma yake kuna nani. Akaniachia wake. Mwingine akaubana mlango wa kabati, au mlango wa kabati ukambana yeye, na aliyeufunga mlango ni nani. Kufikia Alhamisi, taa ikiwaka, nilikuwa nawatazama mijusi wanne wasio na mikia wakizunguka balbu moja. Nilikuwa nimeifanya nyumba nzima ifanane na yule niliyempoteza.

Wakati wote huo nilikuwa naongea. Sikujua naongea kwa sauti mpaka baadaye. Mtu akikaa peke yake nyumba imefungwa anaanza kubembeleza. Nilikuwa nikisema njoo basi mama, usiogope, humu hakuna mtu. Nilikuwa nikisema usinikimbie, nimekuumiza lini? Na mmoja alipopanda juu ya chandarua cha kitanda nilisema, nakumbuka vizuri kwa sababu niliambiwa baadaye neno kwa neno, shuka hapo, hicho ni kitanda cha mke wangu.

Ng'ambo ya ukuta, jioni zile, mama wa vitenge alikuwa ameacha kupiga kandambili. Nilidhani mijusi wamemwishia.

Ijumaa mchana alikuja dirishani. Shikamoo, nikasema. Marahaba, akasema, na macho yake yalipita juu ya bega langu yakaenda kitandani, yakashuka chini ya kitanda, yakarudi. Akaniuliza mbona siku hizi nafunga mlango. Nikasema mafua. Akaniuliza mafua gani yanazibiwa blanketi chini ya mlango. Nikasema yale mabaya. Akatikisa kichwa, akawa anaondoka, halafu kama mtu anayekumbuka jambo dogo akasema asubuhi ameua kafiri mmoja kwake, kibutu, hana mkia, sijui huyu ametoka wapi.

Nilishika nondo za dirisha. Nikamuuliza mkia ulikuwa umekatika wapi.

"Mwanangu," akasema, "una mgonjwa humo ndani au una mtu?"

Nikasema sina mtu. Akasema haya. Lile haya lake halikuwa la kuridhika.

Nilirudi nikakaa kitandani. Kati ya wale wanne, huyo marehemu alikuwa nani? Nilijaribu kumkumbuka mjusi wa mke wangu na nikaona naikumbuka ndoo. Naikumbuka zipu. Nilimpelekea nzi, nilimbadilishia maji, lakini uso wake, kiuno chake, pale alipokatika, sikuwa nimetazama. Nikainuka, nikazunguka chumba, nikakaa, nikainuka. Saa kumi nikafanya jambo ambalo hata sasa likinijia nikiwa peke yangu naona haya: mmoja wa waliobaki alikuwa amelala nyuma ya kioo, nikamfunika na glasi, nikamtia kwenye ndoo. Nilitupa kimlango changu cha zipu, nikafunika kwa chandarua na mpira wa baiskeli kama mke wangu alivyokuwa amefanya. Nikakaa mbele ya ndoo nikijifunza kusema huyu ndiye.

Mke wangu alikuwa arudi mwisho wa mwezi. Alirudi jioni ile. Nilisikia pikipiki, nikasikia sauti yake, kisha nikasikia sauti ya mama wa vitenge ikimwambia polepole, ingia mwenyewe uone. Kumbe jirani alishampigia simu.

Aliusukuma mlango na blanketi likaenda nao. Hakunisalimia. Aliinama akatazama chini ya kitanda, akafungua kabati, akasogeza magunia ya mahema. Nyuma yake jirani alisimama mlangoni, kandambili mkononi, na sikujua ni kwa ajili ya mijusi au kwa ajili yangu. Mke wangu alipomaliza kuzunguka akasimama katikati ya chumba, jasho limemtoka, akaniuliza yuko wapi. Mimi, kwa kuwa kichwani mwangu kulikuwa na jambo moja tu, nikaonyesha ndoo.

Wote wawili wakaangalia ndoo. Nadhani hapo ndipo jirani yangu alipoanza kupoteza imani na simu aliyopiga.

Mke wangu akavua mpira. Akainamisha uso, akatazama kwa utulivu ambao mimi sikuwahi kuwa nao.

"Huyu siye," akasema. "Wangu alikatikia karibu kabisa na miguu. Huyu amekatikia katikati."

Hapo nikasema yote. Zipu, kichwa kilichochoka, kalenda, pazia, kabati, mafua, yule aliyeuawa asubuhi. Nilisema bila kupumua na bila kukaa. Nilitegemea angecheka au angekasirika, nikawa tayari kwa vyote viwili. Aliuliza tu nimetafuta wapi. Nikamtajia kila mahali. Akanyoosha kidole nyuma ya mlango, kwenye msumari, palipokuwa na kitu kimefunikwa kwa mfuko wa nailoni. Na pale?

Nikasema pale hayupo.

Pale sikuwa nimetafuta, na sababu ni kwamba sikutaka pafunguliwe. Mke wangu ananijua. Alikwenda akaondoa nailoni.

Ilikuwa sketi ya bluu na shati jeupe. Nilivishona mwezi uliopita kwa vitambaa nilivyonunua kimyakimya, hata kabla ya habari ya mjusi, na nikavificha kwa sababu mtu hashoni sare ya mtoto ambaye hajapewa. Mke wangu aliishika sketi akaiweka kwenye kiuno chake mwenyewe. Ilikaribia kumtosha.

"Hii ya nani?"

"Ya mtoto."

"Mtoto yupi? Hii ni ya mtu wa darasa la tano."

Nikamwambia nilikisia. Sijawahi kumpima. Kule Matongo tunakaa karibu na zizi kwa muda wa kikombe cha maziwa, na nikitoa futi ya kupimia mbele ya mlango wa jiko, mama mkwe atasema nimeanza kuchukua ambacho sijakabidhiwa. Kwa hiyo nilikumbuka kimo chake kutokana na kigoda, nikaongeza kidogo, halafu nikaogopa kwamba anakua, nikaongeza tena.

Alikuwa ameanza kuikunja sketi, mkono wake ukapita juu ya mfuko, ukasimama. Nilishona mfuko wenye nafasi, mtoto aweke kalamu. Aliingiza vidole viwili, taratibu, kama mtu anayetoa mchanga kwenye jicho la mwenzake, akavitoa na mjusi mmoja mnene, ameshiba, hana mkia kabisa, amekatikia karibu na miguu. Sijui nondo wa chumbani kwangu walikuwa wanamfuata mle au alikuwa anatoka kula na kurudi. Alikaa kwenye kiganja cha mke wangu akatutazama, kisha akapanda mkono, akapita bega, akaruka ukutani.

Kandambili ilipanda juu. Mke wangu akaushika mkono wa jirani yetu kabla haujashuka.

"Mama, huyo ni wa hapa," akasema.

Mjusi akafika kwenye boriti. Pale kuna njia mbili, ya kwetu na ya ng'ambo. Alisimama. Sote watatu tulikuwa tumeinua vichwa, na mimi nilikuwa nimesimama kwa vidole vya miguu, sijui ningefanya nini na hivyo vidole. Akageukia upande wetu, akaenda kujibanza juu ya balbu.

Mke wangu alinisogelea, akaivuta futi ya kupimia iliyokuwa inaning'inia shingoni mwangu, akaizungusha vidoleni mpaka ikawa kibunda kidogo, akaitia kwenye mkoba wake, ule anaokwenda nao Matongo. Mimi niliketi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumatatu kiti kunikubali.

Jirani yetu alitazama mkoba, akatazama ile sketi kubwa, akatazama ndoo, akanitazama mimi. Akaivaa kandambili yake.

"Mtoto mleteni," akasema, "lakini ufunguo wa akiba nikae nao mimi, maana huyu baba ameshindwa ndoo."